Mapengo Themanini na Manne

Jumatatu, 5 Machi 1956

Mwalimu Msabaha amerudi kutoka kozi Uganda na ametuletea kazi mpya, kana kwamba zile za zamani zimekwisha. Ni fremu ya mbao, kubwa kiasi cha dirisha dogo, imewambwa kitambaa chembamba cha hariri. Unakata umbo kwenye karatasi, unaibandika karatasi chini ya hariri, unamwaga wino juu na kuukokota kwa kibao chenye ukingo wa mpira. Wino hupita penye tundu tu. Kisha unainua fremu, unaisogeza mbele, unachapa tena. Umbo lile lile, mara nyingi upendavyo.

Kila mmoja wetu wa darasa la nane atatafuta wazo lake na kulileta kila Jumatatu. Litakaloshinda litachapwa kwenye kitambaa cha meza ya wageni, Siku ya Wazazi, mwezi wa tano. Baadaye kitambaa kitapelekwa Dar es Salaam kwenye maonyesho ya shule, pamoja na jina la aliyekibuni.

Nataka liwe langu. Naandika humu kwa sababu sina wa kumwambia. Wasichana tuko wanne darasani, na mimi nikiulizwa swali hata jina langu hunipotea.

Jumatatu, 12 Machi

Nilipeleka ua la asumini. Mwalimu alilitazama kidogo.

"Nimeliona dukani," alisema, akanirudishia.

Husseni, anayekaa nyuma yangu, akanong'ona mpaka darasa zima likasikia: "Mwanvita, kumbe kwenu mmefungua duka?"

Jumatano, 14 Machi

Mvua. Nimesuka ukili pima mbili. Vidole vinauma.

Jumatatu, 19 Machi

Mwezi na nyota. "Nimeviona dukani."

Husseni alileta majogoo wawili wanaopigana, manyoya yakiruka. Watu walicheka. Mwalimu alimwambia, "Endelea nao." Huyu Husseni anachora bila hata kuegemeza mkono. Ananiudhi.

Alhamisi, 22 Machi

Niandike kidogo habari za nyumbani, maana nikisoma humu baadaye nisije nikashangaa nilichoka kwa nini.

Naishi kwa Bibi Mwaija, mama yake mama yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka mitatu, sura yake siikumbuki. Baba yuko Kiwangwa na mke mwingine na wadogo zangu ambao nawaona sikukuu kwa sikukuu. Nyumbani kwetu tupo watatu: Bibi, mama mdogo Mwanamvua ambaye ataolewa baada ya Mfungo, na mimi. Bibi ni msusi wa mikeka. Tangu nilipopata nguvu za vidole nasuka naye ukili, ile mishipi mirefu ya ukindu ambayo baadaye yeye huishona pamoja ikawa mkeka. Natoka shule, nachota maji, nasuka. Nasoma kitabu kikiwa kimelala gotini, vidole vikienda vyenyewe. Bibi hapendi.

"Ukili wako una usingizi," huniambia. "Tazama ulivyolegea. Fumua."

Nafumua.

Kuhusu mama, Bibi hasemi. Nikimtaja, hujibu, "Mungu amrehemu," na mazungumzo yamekwisha.

Jumatatu, 26 Machi

Kaa wa pwani, na miguu yake yote. Safari hii Mwalimu hakuinua hata macho. "Dukani."

Nilitaka kumwuliza ni duka gani hilo lenye kila kitu. Sikuuliza.

Ijumaa, 30 Machi

Mvua siku ya tano. Nguo hazikauki, kuni hazishiki moto, na kila mtu ana hasira na mwenzake.

Jumapili, 1 Aprili

Leo makuti yamevuja upande wa darini. Bibi na mama mdogo walikuwa wamekwenda kumpa pole jirani aliyefiwa. Nilipanda peke yangu kuviondoa vitu visilowe: vikapu, kinu kibovu, na bunda refu lililofungwa kwenye shuka jeupe, linanukia udi. Nikaliteremsha, nikalifungua nione kama maji yameingia.

Ulikuwa mkeka mpya. Mweupe wote, ukindu mwembamba mno, ukili ulioshikana hata ukucha haupenyi. Ukingoni, upande mmoja tu, unapita mstari mmoja mweusi, mwembamba, wa mwaa wa ukindu uliotiwa rangi. Mstari huo haukuungana. Unakwenda, unakatika, unakwenda tena kwa urefu mwingine, unakatika. Mapengo saba, na hakuna mawili yenye kipimo kile kile. Miaka yote nimeona mikeka ya Bibi, myekundu na ya zambarau na kijani, lakini sijawahi kuona wa namna hii. Nilikaa nao muda mrefu kuliko nilivyopaswa.

Nilijua ni nini. Mkeka mpya, shuka jeupe, udi, harusi baada ya Mfungo: ni wa mama mdogo, Bibi amemfichia kumfurahisha. Nikaunakili mstari kwenye daftari, kipande kwa kipande, nikapima kila pengo kwa rula. Kisha nikaufunga kama nilivyoukuta na kuurudisha upande mkavu.

Jumatatu, 2 Aprili

Mwalimu alishika karatasi yangu kwa mikono miwili.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwetu, Mwalimu."

"Kwa nini unakatika hapa?"

"Sijui, Mwalimu. Ndivyo ulivyo."

Alikwenda nayo dirishani. Nilisikia matone kwenye ndoo iliyowekwa chini ya tundu la bati.

"Hii," alisema, "sijaiona dukani."

Sikusikia masomo mengine yote ya leo.

Jumatatu, 9 Aprili

Imetangazwa. Wazo langu ndilo litakalochapwa. La Husseni ni la pili.

Husseni alinifuata nje. "Majogoo wangu wamepigwa na kamba ya kuanikia nguo," alisema. Nikaondoka. Nyuma yangu akaongeza, "Lakini nzuri, bwana. Kweli." Sikugeuka, kwa kuwa sikujua nifanye uso gani.

Ijumaa, 13 Aprili

Tumeanza kufunga leo. Mvua haikukatika tangu alfajiri.

Jumatano, 18 Aprili

Nimekata karatasi kwa wembe siku tatu, mara mbili nimeharibu. Leo tumejaribu kwenye kipande cha kitambaa cha marekani, fremu mara mbili. Mstari ulitoka mweusi, safi, na mapengo yake saba, halafu tena saba. Mwalimu ameniachia kipande hicho kiwe changu. Nimekificha ndani ya kitabu cha jiografia, nitampa Bibi siku ya Idi.

Jumatatu, 23 Aprili

Kitambaa cha meza ni yadi sita, fremu ni nusu yadi. Itasogezwa mara kumi na mbili. Wino haukauki kwa unyevu, kwa hiyo tunachapa mara moja au mbili kwa siku, kisha tunangoja. Mwalimu amempa Husseni kazi ya kushika fremu isiteleze. Leo imeteleza. Tumeanza upya ng'ambo ya pili ya kitambaa.

Alhamisi, 26 Aprili

Mara tatu. Kiu.

Jumatatu, 30 Aprili

Mara tano. Naamka daku, nakwenda shule, nakokota wino, narudi, nasuka, nafuturu, nalala. Bibi anakohoa siku hizi. Jioni ananitazama vidole vyenye madoa meusi, haniulizi.

Nimemwona Mwalimu Msabaha leo akiwa peke yake chumba cha vifaa. Alikuwa anachora kitu chake mwenyewe. Alikitazama, akakichana, akachukua karatasi nyingine. Sakafuni palikuwa na vipande vingi. Nilidhani huwakatalia wengine tu.

Ijumaa, 4 Mei

Mara nane. Husseni amefunga, lakini ulimi wake haujafunga. Ananiita Fundi Kamba.

Alhamisi, 10 Mei

Kumi na mbili. Tumemaliza. Kimetandazwa juu ya madawati, mstari mmoja mrefu unakatika na kuungana toka ukuta huu hadi ule. Hata Husseni alisahau kuniita Fundi Kamba. Mwalimu ameandika barua ya Dar es Salaam na jina langu limo.

Jumamosi, 12 Mei

Idi. Pilau. Nililala mchana wote.

Jumapili, 13 Mei

Sijui nianzie wapi.

Leo Idi pili, baada ya chai, nilimpelekea Bibi kile kipande cha marekani nilichokikunja vizuri. Alikuwa ameketi uani na mama mdogo, kumeanuka kidogo.

"Bibi, nimekuletea sikukuu yako."

"Ala! Mjukuu wangu ana pesa?"

"Hapana, nimekichapa mwenyewe shuleni, cha majaribio ya kitambaa kikubwa cha Siku ya Wazazi."

Alikikunjua magotini. Alikuwa anatabasamu alipoanza kukikunjua. Kisha kidole chake kikaanza kupita juu ya mstari. Kilipofika kwenye pengo la kwanza kikasimama.

"Umeuona wapi?"

"Darini, Bibi. Siku ile makuti yalipovuja. Nilidhani... ule mkeka wa harusi ya mama mdogo."

Mama mdogo aliruka. "Wangu mimi? Wangu si huu anaoushona hapa barazani kila siku, mwekundu na zambarau, huuoni? Niolewe na mkeka mweupe! Nani kakwambia naolewa na kaburi?"

"Mwanamvua," alisema Bibi, na mama mdogo akashika mdomo.

Ndipo nikaelewa. Ule ni mkeka wake Bibi, alioutayarisha wa kubebewa siku yake ya kuzikwa. Watu wazima wengi wanaweka sanda na ubani wao sandukuni. Ningelijua hilo kama ningelifikiri, lakini nilikuwa nafikiria Jumatatu ya Mwalimu Msabaha.

"Nisamehe, Bibi. Sikujua."

"Mkeka si kitu," alisema. "Kila mtu ana wake." Kidole bado kilikuwa pale. "Nilianza kuusuka mwaka aliokufa mtoto wangu wa kwanza. Nikauweka. Alipokufa wa pili nikautoa, nikaendelea. Nikifika kwa aliyekufa, mwaa mweusi nauruka. Naacha peupe. Saba. Sijamwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Mstari huu ni mimi, na hapa, na hapa, na hapa, ni wao."

Alihesabu hadi saba. Hakusimama. Aliendelea.

"Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne." Akaniangalia. "Mimi nilizika saba. Hapa wamekuwa kumi na nne. Na hicho kitambaa kikubwa mnachokichapa?"

Nilitaka ardhi inimeze.

"Mara kumi na mbili, Bibi."

"Kumi na mbili mara saba."

"Themanini na nne."

"Hicho kitawekwa wapi?"

"Mezani. Kwenye meza ya wageni."

Bibi alikikunja kile kipande, mara mbili, mara nne, akanirudishia mkononi.

"Basi watu watakula juu ya watoto wangu," alisema. Hakupaza sauti. Aliinuka kwa kushika magoti, akaenda kutia udhu, na saa ya adhuhuri ilikuwa bado.

Jumanne, 15 Mei

Hasemi nami. Ananipa chakula, anaitikia shikamoo yangu, basi.

Jumatano, 16 Mei

Mvua. Nimesuka pima nne bila kuambiwa. Hakuutazama ukili wangu hata kusema una usingizi.

Nimehesabu. Katika wale saba mmoja ni mama. Sijui ni pengo lipi. Nimemchapa mara kumi na mbili na sijui ni yupi.

Alhamisi, 17 Mei

Nilimngoja Mwalimu Msabaha mpaka wenzangu wote wakatoka. Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema, lakini karatasi ilikuwa imelowa mkononi. Nikamweleza hivyo hivyo, vibaya, kuanzia mwisho.

Alisikiliza huku akifuta kibao cha mpira.

"Kwa hiyo unataka kitambaa kisitandikwe."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sina kingine. Bwana Shauri wa wilaya atakuja na mkewe. Wageni waketi kwenye meza tupu?"

"Kuna vipande vya wenzangu."

"Vya kufutia kalamu." Aliketi. Alionekana amechoka kuliko mimi. "Mwanvita, nimefundisha miaka kumi na moja. Kila mwaka wananiletea maua. Wewe ni wa kwanza kuniletea kitu chenye mtu ndani yake. Nani atajua? Atakayepita atasema ni urembo tu."

"Bibi anajua."

"Bibi yako hatakuja."

"Na mimi najua, Mwalimu."

Nilikuwa sijawahi kumjibu mwalimu hivyo, nikashika mlango ili nitoke. Akasema, "Kitambaa ni cha shule, siwezi kukupa. Na ukikiharibu, mimi sitakutetea kwa Mwalimu Mkuu. Nakuambia mapema."

Ijumaa, 18 Mei

Sikulala vizuri. Nimefikiri hivi: Bibi akiruka mwaa mweusi, basi pale kuna aliyekufa. Asiporuka, hapana. Kitambaa siwezi kukiondoa. Lakini wino upo.

Jumamosi, 19 Mei

Nilikwenda shule asubuhi. Mlinzi amezoea kutuona siku za Jumamosi, alinifungulia chumba. Nilikata kidirisha kwenye kadi, ukubwa wa pengo, nikafunga tambara kwenye kijiti, nikalichovya wino mweusi. Nilipoziba pengo la kwanza nilizidisha wino, ukatoka nje ya mstari. La pili likawa zuri zaidi. Kila pengo lina urefu wake, kwa hiyo kila moja lilitaka kadi yake: saba, kisha tena zile zile saba.

Nilipofika la kumi na tisa Husseni akaingia. Alikuwa amesahau kofia yake.

"Wee Fundi Kamba! Umepagawa?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, huku nikiendelea, kwa sababu nikisimama wino unakauka kwenye kadi. Nilikuwa sijawahi kuzungumza naye maneno mengi kiasi hicho. Nilingoja mzaha.

"Dar es Salaam hawatakipokea," alisema mwishowe.

"Najua."

"Ukiziba, kitakuwa mstari tu. Kama wa daftari."

"Najua, Husseni."

Akavua viatu, akapanda juu ya dawati la upande wa pili, akachukua kijiti. "Mama yako ni wa ngapi hapa?"

"Sijui."

"Basi tusiruke hata mmoja."

Tuliziba. Mgongo uliniuma, goti likafa ganzi, mvua ikaja ikaenda ikaja tena. Yeye aliharibu mawili, nikayarekebisha. La themanini na nne tulilimaliza kabla ya alasiri. Kitambaa kilikuwa na mstari mmoja mweusi, mnene kidogo hapa na pale, toka mwanzo hadi mwisho. Hakikuwa kizuri.

Jumatatu, 21 Mei

Mwalimu Msabaha alisimama mbele ya kitambaa muda mrefu. Niliogopa kumtazama. Nilidhani atanikaripia, au atakwenda ofisini.

"Ulikuwa na kitu, Mwanvita," alisema. "Sasa nimekiona dukani."

Akakikunja mwenyewe, taratibu, akikagua kama wino umekauka. Mwalimu Mkuu alipopita na kuuliza kama cha meza kipo tayari, Mwalimu alijibu, "Kipo, bwana." Basi. Mchana nilimwona anaandika barua nyingine. Majogoo wa Husseni ndio watakaokwenda Dar es Salaam.

Alhamisi, 24 Mei

Mama mdogo amenisuka nywele bila kuniomba kitu. Bibi bado.

Jumamosi, 26 Mei

Siku ya Wazazi. Mvua ilituonea huruma mpaka saa kumi. Mke wa Bwana Shauri aliketi katikati ya meza, akasifu maandazi. Mtu mmoja alimwaga chai, ikaenea juu ya mstari, mtoto akapanguswa mikono yenye samli papo hapo. Hakuna aliyekitazama kitambaa. Majogoo walisifiwa sana, na Husseni alipoitwa mbele alijikwaa, darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupani, lakini haukuwa uchovu ule wa kila siku.

Baba hakuja kutoka Kiwangwa. Bibi pia hakuja.

Nilipofika nyumbani alikuwa barazani, anashona ule mwekundu na zambarau. Nilimpa shikamoo. Aliitikia. Nikakaa chini na kuchukua ukili wangu.

"Walikula juu yake?" aliuliza, sindano ikiendelea.

"Walikula, Bibi. Lakini niliyaziba. Yote. Jumamosi iliyopita, kwa wino."

Sindano ikasimama. "Yote?"

"Themanini na manne. Halikubaki tundu hata moja."

"Hata la mama yako?"

"Hata la mama. Sikujua ni lipi, nikayaziba yote."

Bibi aliutazama ukindu magotini kwake. Nilidhani atasema Mungu amrehemu, na mazungumzo yatakwisha. Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Angefurahi," alisema. "Alikuwa anapenda mahali penye watu wanaokula."

Maisha yangu yote sijawahi kuambiwa kitu chochote alichokipenda mama. Ukili uliniponyoka.

"Alikuwa anapenda kula nini, Bibi?"

"Ukoko," alisema Bibi, na bega lake likaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Ukoko wa wali wa nazi. Mpaka asubuhi ya harusi yake aligombana na Mwanamvua juu ya sufuria, na hina ikiwa mbichi mikononi."